Kutoka komuniti koleji kwenda chuo kikuu binafsi cha Marekani: anza na masomo, insha itafuata

Ujumbe huanza kuingia mwishoni mwa Februari. "Shikamoo kaka, samahani kukusumbua usiku huu. Naomba unipitie insha, dirisha linafungwa wiki ijayo." Kijana yuko mwaka wa pili komuniti koleji, yaani chuo cha miaka miwili, GPA yake (wastani wa alama, juu kabisa ni 4) ni 3.8, anafanya kazi ghala usiku, na anataka kuhamia chuo kikubwa cha binafsi. Insha nampitia. Lakini nikimwomba anitumie orodha ya masomo aliyosoma, mara nyingi ugonjwa nauona huko, na huko hakuna dawa ya wiki moja.

Anayetoka sekondari hupimwa kwa kile anachotarajiwa kuwa. Wewe unayehama unapimwa kwa ulichokwisha kukifanya darasani. Afisa wa udahili hufungua transkripti yako (orodha rasmi ya masomo na alama zako) kwanza, kisha husoma insha akitafuta maelezo ya alichokiona kwenye transkripti. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mwezi wa Agosti, mwaka mzima kabla ya siku ya kuhama.

Hatua ya 1: Tazama namba kabla hujalipenda jina

Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Andika maneno hayo Google pamoja na jina la chuo, utaupata kama PDF. Ruka kurasa zote mpaka sehemu D, ambayo ni ya wanaohamia. Jedwali D2 linaonyesha wangapi waliomba, wangapi walikubaliwa na wangapi waliripoti kweli. D9 ina tarehe. D13 inakwambia chuo kinapokea krediti (vipimo vya uzito wa masomo) ngapi, mwisho wake, kutoka vyuo vya miaka miwili. Ni kazi ya dakika kumi, na wengi hawaifanyi.

Tofauti utakazoziona ni kubwa. University of Southern California, kule Los Angeles, hupokea zaidi ya watu elfu moja wanaohamia kila mwaka, na karibu nusu yao wanatoka komuniti koleji za California. Cornell hukubali mamia. Stanford hukubali kama wawili kwa kila waombaji mia, mwaka mwingine pungufu ya hapo. Harvard, kwa mwaka mzima, huchukua watu wa kuenea kwenye Hiace moja. Princeton ilifunga mlango huu mwaka 1990 na haikuufungua tena hadi 2018, ikisema safari hii inawatafuta hasa watu wa kipato cha chini, waliotumikia jeshi, na wa komuniti koleji.

Soma pia masharti ya muda. Harvard inataka uwe umemaliza angalau mwaka mmoja wa chuo, lakini ukishapitisha miaka miwili huruhusiwi tena kuomba. Nimemwona mtu akisubiri mwaka wa tatu ili "GPA ipande," akajifungia mwenyewe nje.

Na kama ulikaa miaka mingi nje ya shule, ulikuwa unaendesha lori, unalea watoto au unatunza wazee majumbani kama wengi wetu huku, kuna milango iliyojengwa kwa ajili yako. Columbia ina School of General Studies kwa waliokatiza masomo kwa mwaka au zaidi. Yale ina mpango wa Eli Whitney kwa waliokatiza miaka mitano au zaidi. Smith College ina Ada Comstock Scholars kwa wanawake waliopita umri wa kawaida wa kuanza chuo. Ila usidhani misaada ya fedha ni ileile: ya General Studies hailingani na ya Columbia College, chuo cha shahada cha kawaida cha hapohapo, ingawa darasani mnakaa kiti kimoja. Uliza kabla ya kushangilia.

Chagua vyuo vitano au sita. Kimoja kati ya hivyo kiwe chuo cha umma cha jimbo lako chenye makubaliano ya kupokea wanaotoka kwenu. Hiki ndicho mkeka wa kulalia iwapo vitanda vyote vitajaa.

Hatua ya 2: Masomo

Hapa ndipo ninapowaweka watu muda mrefu, na wengi huchoka kunisikiliza.

Krediti kukubaliwa na krediti kuhesabika ni mambo mawili. Chuo kinaweza kupokea somo lako kama namba tu, likajaza jumla ya krediti, bila kukuondolea sharti lolote la shahada. Mimi katika muhula wangu wa kwanza nilichukua hesabu nyepesi niliyoshauriwa dirishani, ya bajeti za nyumbani na riba za mikopo. Nilipata A. Nilipohamia, A ile ilibaki kuwa pambo kwenye karatasi, nikakaa tena darasa la hesabu nikiwa na watoto wa miaka kumi na minane. Mshauri yule hakunidanganya. Nilimuuliza somo gani litanisaidia kumaliza pale, wala sikumwambia kwamba nataka kuondoka.

Kwa hiyo fungua tovuti ya chuo unachokitaka, tafuta ukurasa wa fani yenyewe, uone mwanafunzi wao wa mwaka wa kwanza na wa pili anasoma nini. Kisha tafuta masomo ya aina hiyo kwenu. Anayetaka uhandisi asije na aljebra peke yake. Anahitaji mfululizo wa kalkulasi na fizikia inayotumia kalkulasi. Anayetaka uchumi awe na uchumi wa ngazi zote mbili, ule wa soko na kaya na ule wa taifa, pamoja na kalkulasi. Kila mtu, bila kujali fani, awe na masomo mawili ya uandishi. Vyuo vingine, USC ikiwamo, vimeweka orodha mtandaoni ya masomo ya komuniti koleji vinavyoyatambua. Itumie orodha hiyo siku ya kujisajili.

Halafu kuna suala la kiasi. Stanford inataka uniti (ndivyo wanavyoziita krediti) 90 kati ya 180 za shahada uzisome kwao. Cornell inataka krediti 60 kati ya 120. Ukifika Cornell na krediti 75, zile 15 za ziada zimekwenda na maji, na ada yake ulishalipa. Angalia pia kalenda: chuo kinachotumia robo mwaka kama Stanford huhesabu uniti ndogo kuliko chuo cha mihula miwili. Uniti tatu za robo ni sawa na krediti mbili za muhula. Watu hushtuka kuona 60 zao zimegeuka 90, wakadhani wamepewa zawadi. Ni kipimo tu kimebadilika, kama kupima unga kwa kibaba badala ya kilo.

Somo uliloliacha katikati litaonekana kwa herufi W. Moja halina neno. Tatu katika muhula mmoja zinahitaji sentensi mbili za maelezo, na maelezo ya kweli, kama vile zamu za kazi zilibadilishwa au mama alilazwa, yanaeleweka. Usichukue mtindo wa kufaulu-au-kufeli kwenye somo la fani yako. Wanataka kuona herufi.

Jambo la mwisho hapa ni dogo, na ndilo nitakalolirudia. Kila muhula, wiki ya kwanza, hifadhi silabasi (muhtasari wa yatakayofundishwa) ya kila somo kama PDF. Lipe faili jina linaloeleweka: mwaka, muhula, namba ya somo, jina la mwalimu. Kozi ikiisha, mwalimu wa mkataba anaondoka, ukurasa wa darasa unafungwa, na silabasi inapotea naye.

Hatua ya 3: Walimu wawili wakujue kwa jina

Vyuo vingi vya aina hii huomba barua moja au mbili kutoka kwa walimu wa chuo waliokufundisha. Mchungaji, shehe, bosi wa ghalani, hao ni wa ziada.

Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kukaa mbali naye. Unajibu ukiulizwa, unatoka kimya, na ofisini kwake unakwenda ukiwa umekosa. Huku mwalimu anapotangaza saa za kuonana na wanafunzi, anakaa kweli akisubiri watu, na mara nyingi haji mtu. Nenda wiki ya tatu. Peleka swali moja la kweli kutoka kwenye kazi uliyorudishiwa. Wiki ya sita, nenda tena. Ikifika Desemba atakuwa na la kuandika zaidi ya "alihudhuria na alipata A."

Ukiomba barua, omba wiki sita kabla, na umpe ukurasa mmoja wenye mambo matatu: fani unayoiendea na sababu yake, kazi uliyoifanya darasani mwake pamoja na alama na maoni aliyoyaandika, na orodha ya vyuo na tarehe. Muulize waziwazi kama anaweza kuandika barua yenye nguvu. Akisitasita, mshukuru utafute mwingine. Kusitasita kwake kumekuokoa.

Hatua ya 4: Karatasi

Vyuo vingi vinatumia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, lakini fomu ya wanaohamia ni tofauti na ile ya wanaotoka sekondari. Ukifungua akaunti, hakikisha umejitambulisha kama mwombaji anayehama. Itakubidi uingize kila somo la chuo, moja moja, kwa namba na jina kama lilivyo kwenye transkripti. Kaa nayo jioni moja, usiifanye kwenye simu ndani ya basi.

Zaidi ya transkripti kuna fomu mbili zinazoua maombi ya watu kimyakimya. Ya kwanza ni ripoti ya chuo, ambayo afisa wa chuo chako anajaza kuthibitisha kwamba huna kesi ya nidhamu. Ya pili ni ripoti ya katikati ya muhula. Hii unaizungusha kwa walimu wa muhula wa sasa, kila mmoja anaandika alama uliyo nayo leo na kuweka sahihi. Mwalimu wa kozi ya mtandaoni hayupo chuoni, wa jioni anafika saa kumi na mbili na kuondoka saa tatu. Mimi ombi langu moja lilifia hapo. Niliacha fomu kwa katibu wa idara niipate Ijumaa. Ijumaa alikuwa likizo, na fomu ilikuwa kwenye droo aliyoifunga kwa ufunguo. Tangu siku hiyo nawaambia watu waishike fomu mkononi mpaka sahihi ya mwisho.

Watakuomba pia matokeo ya sekondari, hata kama ulimaliza miaka kumi iliyopita. Mkenya ataomba uthibitisho wa KCSE kwa KNEC, Mtanzania atawaomba NECTA watume taarifa ya matokeo moja kwa moja chuoni. Anayetoka Congo atahitaji tafsiri iliyothibitishwa ya diploma ya serikali na karatasi za alama, kwa kuwa ziko kwa Kifaransa. Anza Septemba. Kama vyeti vilibaki vitani au kambini, andikia ofisi ya udahili mapema uwaulize wanakubali nini mbadala. Cheti cha GED, mtihani wa Marekani unaosimama badala ya cheti cha sekondari, kinakubaliwa na vyuo vingi.

Kama ulisoma mwaka mmoja au miwili katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki, masomo hayo lazima uyataje, hata yale uliyofeli. Kuficha chuo ulichosoma kunatosha kufutiwa nafasi, hata baada ya kuanza. Huenda ukatakiwa kufanyiwa tathmini ya krediti, somo kwa somo, na shirika la kutathmini vyeti vya nje kama WES. Ni ya kulipia na inachukua wiki kadhaa.

Tarehe za miaka ya karibuni kwa wanaoanza msimu wa vuli: USC Februari 15, na baadhi ya fani zake Desemba 1, Harvard, Yale na Princeton Machi 1, Stanford na Cornell Machi 15. Zitazame tena mwaka wako.

Hatua ya 5: Insha

Swali huwa lilelile kwa maneno tofauti: kwa nini unahama, na kwa nini uje kwetu. Makosa ninayoyaona ni mawili. La kwanza ni kukisema vibaya chuo ulichopo. Nyumba iliyokulaza usiitemee mate mlangoni. La pili ni kuuza machozi. Watu wetu wamepita mengi, na kuna mtu atakushauri uyaweke yote mezani: kambi, foleni ya maji, shangazi aliyefariki. Yaandike kama yanahusu unachokwenda kukisoma. Vinginevyo msomaji anakuonea huruma, anafunga faili, na bado hajajua utafanya nini kwenye chuo chake.

Nikupe mfano. Kijana mmoja aliniletea insha iliyoanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwasaidia watu wa jamii yangu katika afya." Nikamuuliza, umewasaidia vipi, lini, nani? Akacheka, akasema ah, huwa naenda tu kumtafsiria bibi yangu hospitali. Nikamwambia anisimulie siku moja. Akasimulia kwamba nesi alimuuliza bibi maumivu yake ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Bibi akajibu, "Tunamshukuru Mungu." Nesi akasubiri namba. Kijana hakujua aseme ngapi. Akasema nne. Usiku hakulala, akiwaza kama nne ile ndiyo iliyomfanya bibi arudishwe nyumbani na panadoli.

Hiyo ndiyo ikawa aya ya kwanza. Ya pili ilieleza jinsi alivyochukua somo la takwimu muhula uliofuata, na kazi aliyoandika kuhusu dodoso kutafsiriwa vibaya. Ya tatu ilisema chuo chake hakina somo la juu zaidi la upimaji wa afya, na chuo anachokiomba kina masomo mawili, akayataja, na kueleza ni swali gani angeingia nalo. Hakutumia neno ndoto hata mara moja. Transkripti na insha zilisema kitu kimoja.

Ukiandika kuhusu chuo unachokiomba, taja kitu ambacho hakiwezi kuhamishiwa chuo kingine. Jaribio rahisi: futa jina la chuo, weka la jirani yake. Kama aya bado inasomeka sawa, iandike upya.

Hatua ya 6: Fedha

Bei iliyoandikwa kwenye tovuti itakutisha. Usifunge ukurasa. Vyuo tajiri vya binafsi hutoa ruzuku kubwa kuliko vyuo vingi vya umma, na kwa familia ya kipato kidogo bei halisi inaweza kuwa chini ya chuo cha jimbo. Kila chuo kina kikokotoo cha bei halisi mtandaoni. Kaa na wazazi mkijaze pamoja. Lakini uliza swali moja mahususi: je, misaada hiyo inawahusu na wanaohamia? Si kila chuo kinawatendea sawa na wa mwaka wa kwanza.

Mwenye uraia au kadi ya kijani atajaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha. Vyuo vingi vya binafsi vinaongeza CSS Profile, fomu ndefu zaidi inayouliza hata thamani ya nyumba. Familia nyingi zetu hutuma pesa nyumbani kila mwezi, ada za wadogo, dawa za babu, na fomu haina kisanduku cha jambo hilo. Lina nafasi yake kwenye sehemu ya maelezo ya hali maalumu. Andika kiasi, nani anapokea, na uhifadhi risiti za kutuma pesa. Kama mzazi mmoja hamna mawasiliano naye, omba msamaha wa fomu ya mzazi huyo mapema, maana hutaka barua ya mtu wa tatu anayeijua hali yenu.

Walio kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, na wanaoomba wakiwa Dar au Nairobi, waiandikie ofisi ya fedha kabla ya kulipa ada ya maombi. Vyuo vinavyowasaidia wageni wanaohama ni vichache, na vingine huangalia uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua kukupokea.

Kwa watu wa komuniti koleji kuna ufadhili wa Jack Kent Cooke Foundation, hadi dola 55,000 kwa mwaka. Maombi yake hufungwa karibu na Januari, kabla hata vyuo vingi havijafunga. Na anayeishi jimbo la New York ajue kwamba baadhi ya vyuo vilivyo ndani ya Cornell, kama cha Kilimo na Sayansi za Maisha, huwatoza wakazi ada nafuu.

Hatua ya 7: Baada ya kutuma

Majibu huja kati ya Aprili na mwanzoni mwa Juni. Usilegeze masomo ya muhula huo. Barua ya kukubaliwa ina sharti la transkripti ya mwisho. Ukipata, usitume malipo ya kushika nafasi mpaka uwe na karatasi mbili mkononi, ya fedha na ya krediti zilizokubaliwa. Ukiambiwa tathmini ya krediti itafuata baadaye, omba hata ya awali.

Mwenye F-1 aende kwa afisa wa wanafunzi wa kimataifa wa chuo anachokiacha, wakubaliane siku ya kuachilia rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni. Siku hiyo ikipita, rekodi iko kwa chuo kipya na I-20 mpya (hati ya chuo inayoambatana na viza ya mwanafunzi) inatolewa huko. Kwa hiyo usiiweke kabla hujaamua kabisa, wala katikati ya kazi ya chuoni unayolipwa, kwani ruhusa ya kazi hiyo inakwisha pamoja na rekodi. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, kama haijaisha muda, inaendelea kutumika hata ikiwa na jina la chuo cha zamani. Ukisafiri, beba I-20 mpya.

Tathmini ya krediti ikija na somo limekataliwa, hapo ndipo folda la silabasi linapofunguliwa. Kata rufaa kwa idara inayofundisha somo hilo, maana msajili huangalia jina la kozi na wao huangalia yaliyomo. Dada mmoja alikataliwa kemia yenye maabara. Alituma silabasi ya kurasa tisa pamoja na orodha ya majaribio kumi na mawili aliyofanya, ikiwa na tarehe. Ijumaa mchana alijibiwa kwamba krediti nne zimerudi. Jumatatu akalifuta somo lile kwenye ratiba, akajisajili kemia ya kaboni.